Darcy, Rochester na Heathcliff: walifanya nini walipokataliwa?

Mwaka 1939 Laurence Olivier aliigiza Heathcliff wa Wuthering Heights kwenye sinema. Mwaka uliofuata akaigiza Bwana Darcy wa Pride and Prejudice. Miaka michache baadaye Orson Welles, kwa koti jeusi na sauti ya ngurumo, akawa Rochester wa Jane Eyre. Ukizitazama sinema hizo tatu kwa mfululizo utadhani ni mtu yule yule aliyehamishwa nyumba: ana fedha, hacheki, amekunja nyusi, ni mkali kwa kila mtu, ila yuko mwanamke mmoja atakayemlainisha. Ndivyo wasomaji wengi wanavyowakumbuka hata leo. Wanawatia watatu hao kapu moja, wanawaita mashujaa wa mapenzi wa riwaya za Kiingereza, kisha wanabishana nani zaidi.

Ubishi huo haufiki popote kwa sababu kipimo chake ni kibovu. Watu hupima sura, fedha na ukali wa mapenzi. Kwa sura hatuna ushahidi wa kutosha, kwa fedha Darcy anawashinda wote bila jasho, na kwa ukali wa mapenzi atashinda Heathcliff, ambaye nisingemkabidhi hata paka wangu. Mimi huwatenganisha kwa swali jingine: mwanamke alipomkataa, mwanamume huyu alifanya nini?

Ili swali hilo lieleweke uzito wake, lazima kwanza tupitie sheria.

Katika Uingereza ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, mwanamke akiolewa alipotea ndani ya mumewe mbele ya sheria. Fedha zake, mshahara wake, nguo na vito vyake vilikuwa mali ya mume tangu siku ya ndoa. Ardhi yake mume ndiye aliyeisimamia na kula mapato yake. Watoto walikuwa wa baba. Mpaka ilipopitishwa sheria ya 1839, mama aliyetengana na mumewe hakuwa na mlango wa kugonga kuomba akae na wanawe wadogo. Talaka kamili, kabla ya 1857, ilihitaji Bunge lipitishe sheria maalumu kwa ajili ya ndoa hiyo moja, na gharama yake iliwezwa na matajiri tu. Haki ya mke kumiliki mali yake mwenyewe ilianza kuja kwa vipande mwaka 1870, ikakamilika zaidi 1882. Familia zenye uwezo zilimwekea binti fedha kwa wadhamini ili mume asizifikie, lakini binti wa kawaida hakuwa na kinga hiyo.

Na mahari huko ilikwenda kinyume na tunavyoizoea sisi. Bibi harusi ndiye aliyeileta. Kwa hiyo kijana mwenye madeni alitafuta msichana mwenye fungu, na msichana asiye na fungu alisubiri muujiza.

Basi mwanamke wa riwaya hizi alikuwa na mamlaka makubwa kwa muda mfupi mno: tangu anapoposwa hadi anapojibu. Akishakubali, funguo zote zimehama mkono. Ndiyo maana waandishi hawa, wengi wao wanawake, wanaikalia ile saa ya posa sura nzima, wanairudia mara mbili katika kitabu kimoja, wanaipindua na kuichungulia kila upande.

Jane Austen alianza na kichekesho. Katika Pride and Prejudice, iliyotoka 1813, anayeposa wa kwanza ni Bwana Collins, kasisi mnene wa maneno. Elizabeth Bennet anamkataa waziwazi. Collins anatabasamu. Anajua, anasema, kwamba ni desturi ya mabinti kumkataa mtu ambaye moyoni wamekusudia kumkubali, na wengine hukataa mara mbili au tatu. Kila Elizabeth anavyozidi kukataa ndivyo Collins anavyozidi kuridhika. Mwisho anamkumbusha hesabu yake: fungu lake ni pauni 1,000 tu, tena atazipata mama yake akishafariki, kwa hiyo huenda asiposwe tena maishani. Hesabu hiyo si ya uongo. Pauni 1,000 kwa faida ya asilimia nne ni pauni 40 kwa mwaka. Baba yake Elizabeth anapata 2,000 kwa mwaka, lakini shamba limefungwa lirithiwe na mwanamume, na mwanamume huyo ni Collins mwenyewe. Siku chache baadaye Collins anamposa rafiki yake Elizabeth, Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, na Charlotte anakubali macho yakiwa wazi. Posa mbili ndani ya siku tatu. Tunacheka, ila Austen ametuonyesha tayari mwanamume asiyesikia neno analoambiwa.

Sasa tazama anapompeleka Darcy kuposa. Anampeleka Kent, kwenye nyumba ya Collins huyo huyo, ambako Elizabeth amekwenda kumtembelea Charlotte. Sidhani kama ni bahati tu. Darcy anaingia, anazunguka chumbani, anasema amepigana na nafsi yake akashindwa, anampenda. Kisha anaeleza kwa kirefu kwa nini hakupaswa kumpenda: familia ya chini, ndugu wa aibu, fedheha atakayoipata yeye. Mdomoni anasema ana hofu, usoni amejaa uhakika wa kukubaliwa. Ana pauni 10,000 kwa mwaka na jumba la Pemberley huko Derbyshire, nani atamkataa? Jioni hiyo Darcy ni Collins aliyevaa vizuri zaidi.

Tofauti yao inaanza dakika moja baada ya jibu. Darcy anakasirika, anauliza kwa nini anakataliwa bila hata adabu, anasikiliza mashtaka: amemtenganisha dada yake Elizabeth na mchumba, amemdhulumu Wickham, kijana aliyekulia Pemberley, na amemposa kwa namna isiyo ya kiungwana. Anaondoka. Asubuhi anamletea barua, na mstari wake wa kwanza unamwondolea Elizabeth wasiwasi: humu hamna posa ya pili, hamna kurudia yale maneno yaliyokuudhi jana. Kilichomo ni majibu ya mashtaka, na habari ya dada yake mwenyewe, Georgiana, ambaye Wickham alitaka kumtorosha akiwa na miaka 15 kwa ajili ya pauni zake 30,000. Siri hiyo anaiweka mikononi mwa mwanamke ambaye ametoka kumtukana.

Baadaye mdogo wake Elizabeth, Lydia, anatoroka na Wickham huyo huyo. Darcy anakwenda London, anawatafuta, analipa madeni ya kijana yanayopita pauni 1,000, anamwekea Lydia 1,000 nyingine, anamnunulia Wickham cheo jeshini, na anataka Elizabeth asijue. Elizabeth anajua kwa sababu Lydia hawezi kuzuia ulimi. Anapoposa tena, Darcy anasema moyo wake haujabadilika, lakini neno moja tu kutoka kwake litamnyamazisha milele. Hilo ndilo jambo lililomgeuza kuwa shujaa. Ile picha ya Darcy akitoka bwawani na shati lililolowa, ambayo watu wengi wanaikumbuka kuliko kitabu, ni ya tamthilia ya televisheni ya 1995, Austen hakuiandika.

Nina kasoro moja kwa Darcy, na wapenzi wake hawapendi kuisikia. Toba yake ilikuwa na mfuko mnene. Mtu asiye na fedha angejuta vilevile na Lydia angebaki ameharibikiwa. Elizabeth mwenyewe anapoulizwa na dada yake alianza kumpenda lini, anatania kwamba ni tangu alipoiona ile ardhi nzuri ya Pemberley. Ni utani, lakini Austen hakuufuta.

Kwa wanaume wengine wa Austen nitapita haraka. Kapteni Wentworth wa Persuasion alikataliwa na Anne Elliot akiwa bado hana kitu, kwa ushauri wa mama mmoja aliyeheshimiwa na familia. Akanuna miaka minane. Akarudi kutoka baharini na pauni 25,000 za nyara za vita, akaanza kuchumbia wasichana wengine mbele ya Anne. Baadaye anakiri kwamba alipopata fedha kidogo mwaka 1808 angeweza kumwandikia, na Anne angekubali, kiburi kilimzuia. Lakini Austen anamfanyia jambo zuri sana. Anamkalisha mezani akiandika, huku Anne upande wa pili wa chumba akibishana na mtu mwingine kuhusu nani husahau mapema, mwanamume au mwanamke, na akisema vitabu visitumike kama ushahidi kwa sababu kalamu imekuwa mikononi mwa wanaume. Kalamu ya Wentworth inaanguka. Anasikiliza, kisha anaandika barua ya posa ambayo kwa maoni yangu haina mfano katika riwaya yoyote ya wakati ule.

Bwana Knightley wa Emma ni kisa cha peke yake, kwa kuwa Emma Woodhouse ana pauni 30,000 zake na hahitaji mume. Knightley ana miaka 37 au 38, Emma 21, na amemjua tangu akiwa mtoto. Msomaji wa leo ana haki ya kukunja uso. Ila ndiye mwanamume pekee anayemkaripia Emma anapomdhalilisha Bi Bates, mwanamke maskini, pale mlimani Box Hill. Na baba yake Emma anapokuwa hawezi kuachwa peke yake, Knightley anaiacha Donwell Abbey, nyumba ya ukoo wake, anahamia kwa mkewe. Majirani wanashangaa. Sheria haikumdai hata hatua moja ya safari hiyo.

Mpaka hapa tuko kwenye dunia ambamo wanaume wanaweza kufunzwa. Austen alifariki Julai 1817. Miaka thelathini baadaye, mabinti wa kasisi wa kijiji cha Haworth, Yorkshire, akina Brontë, wakaleta wanaume wa aina nyingine.

Kati ya Austen na akina Brontë alipita Lord Byron, mshairi aliyepata umaarufu ghafla mwaka 1812 na kufariki Ugiriki mwaka 1824. Katika tenzi zake, na katika maisha yake kama watu walivyoyasimulia, alitengeneza mtu wa aina mpya: mwenye dhambi ya siri, mwenye dharau kwa jamii, aliyejeruhiwa na anayejeruhi, na anayevutia kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wa Haworth walimsoma Byron tangu wadogo. Kwa hiyo unapomlinganisha Darcy na Rochester unalinganisha mbegu mbili. Darcy ana ukoo mmoja na waungwana wa riwaya za karne ya 18, wenye adabu na wajibu. Rochester na Heathcliff ni wa ukoo wa Byron.

Jane Eyre ilitoka Oktoba 1847, mwandishi akijiita Currer Bell ili asijulikane kuwa ni mwanamke. Jina lake ni Charlotte Brontë. Jane ni yatima wa miaka 18, mwalimu wa nyumbani kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Ukitaka kupima umbali, mshahara huo ungehitaji kukusanywa zaidi ya miaka 330 ili ufikie mapato ya Darcy ya mwaka mmoja. Mwajiri wake, Edward Rochester, anampita kwa karibu miaka ishirini. Si mzuri wa sura, na Jane anamwambia hivyo usoni. Anazungumza naye kama mtu, jambo ambalo Jane hajawahi kulipata, na hapo ndipo penye uchawi wa kitabu.

Lakini hesabu matendo yake. Anajivika nguo za mwanamke mpiga ramli ili achokoe siri za moyo wake. Anajifanya ataoa mwanamke mwingine, amwone Jane akiumia. Kisha anampeleka kanisani huku akiwa na mke hai, Bertha Mason kutoka Jamaika, aliyefungiwa ghorofa ya tatu ya nyumba ile ile, na ambaye aliletwa na mahari ya pauni 30,000. Ndoa inakatizwa na mwanasheria mbele ya kasisi, na kaka yake Bertha anathibitisha.

Rochester ana utetezi, na sheria inaukubali kwa kiasi: hangeweza kumwacha Bertha, maana ugonjwa wa akili haukuwa sababu ya talaka Uingereza mpaka 1937. Ila tunasikia habari ya Bertha kutoka mdomo mmoja tu, wa mtu mwenye haja ya kuaminiwa. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica katika Karibi, alichapisha Wide Sargasso Sea na kumpa mwanamke huyo utoto, jina lake la kwanza na upande wake wa kesi. Ukishakisoma hicho, Rochester harudi kuwa yule yule.

Turudi kwenye swali letu. Jane anamkataa. Anamwambia hatakwenda kuishi naye kusini mwa Ufaransa kama mke asiye mke. Rochester anabembeleza, analia, kisha anamwambia asipokubali kusikiliza, atatumia nguvu. Anamshika. Halafu anasita, kwa sababu anatambua, na anasema, kwamba anaweza kuuvunja mwili lakini aliyemo ndani hatamshika. Alfajiri Jane anatoroka na shilingi ishirini, zote zinaishia kwenye nauli, na siku zinazofuata anaomba mkate milangoni. Darcy alipokataliwa, yeye ndiye aliyeondoka. Rochester alipokataliwa, ilibidi mwanamke akimbie.

Charlotte alijua kwamba mtu huyu hawezi kurudishiwa Jane hivi hivi. Ndipo anapofanya kazi ambayo Austen hakuihitaji kwa Darcy. Nyumba inaungua. Rochester anapanda darini kumwokoa Bertha, Bertha anajirusha, naye anatoka kwenye kifusi akiwa kipofu na bila mkono mmoja. Huku nyuma Jane amerithi pauni 20,000 kutoka kwa baba yake mdogo aliyekuwa Madeira, akazigawa sawa na binamu zake watatu. Anaporudi anamwambia kwamba sasa ana uwezo wake na ni bwana wa nafsi yake. Wengine huusoma mwisho huo kama adhabu kutoka mbinguni. Mimi naona ni hesabu: mwandishi asingeweza kuibadilisha sheria ya ndoa, akabadilisha nguvu za wanandoa kabla hawajafika kanisani.

Katikati ya hayo yuko mwanamume ambaye sinema nyingi humpunguza, naye ni muhimu sana: St John Rivers, kasisi mzuri wa sura kama sanamu ya Kigiriki, asiye na doa, anayetaka kwenda India kuhubiri. Anamtaka Jane awe mkewe kwa ajili ya kazi. Jane yuko tayari kwenda kama dada, si kama mke. St John hasikii. Anamwambia kwamba anayekataliwa si yeye, ni Mungu. Huyu ni Collins aliyeondolewa kichekesho, na Jane anakaribia kushindwa naye kuliko alivyokaribia kushindwa na Rochester.

Miezi miwili baada ya Jane Eyre, Desemba 1847, ikatoka Wuthering Heights ya mdogo wake, Emily. Hapa ndipo kapu linapopasuka kabisa.

Heathcliff anaokotwa mtoto katika mitaa ya Liverpool, bandari iliyokuwa kubwa kuliko zote Uingereza kwa biashara ya watumwa, karibu mwaka 1771 ukifuata tarehe za kitabu. Ni mweusi kuliko watu wa nyumbani. Mmoja anamdhania Mgipsi, mwingine anadhani ni mtoto wa mabaharia wa Kihindi au wa Marekani. Emily hasemi, na ukimya huo umewapa wahakiki kazi hadi leo. Anapendwa na baba aliyemleta, anapigwa na kudhalilishwa na kaka wa nyumba, Hindley, na anakua pamoja na Catherine, dada yake Hindley, kama nafsi moja.

Je, Catherine alimkataa? Hapa Emily ni mjanja kuliko wote. Catherine anamwambia mtumishi, Nelly, kwamba kuolewa na Heathcliff sasa kutamshusha hadhi. Heathcliff yuko nyuma ya kiti, anasikia, anatoka. Hasikii yanayofuata, pale Catherine anaposema kwamba yeye na Heathcliff ni kitu kimoja. Basi amesikia nusu ya sentensi, na nusu hiyo ndiyo anayoijibu kwa miaka ishirini.

Anapotea miaka mitatu, anarudi tajiri. Anamnyang'anya Hindley nyumba kupitia kamari na rehani. Anamtorosha Isabella, wifi yake Catherine, si kwa kumpenda bali kumuumiza kaka yake Isabella, Edgar, mume wa Catherine. Usiku ule ule wa kutoroka anamtundika mbwa wa Isabella kwa leso. Catherine anakufa katikati ya kitabu, na Heathcliff anaendelea na watoto. Anamfungia Cathy, binti wa Catherine, mpaka aolewe na mwanawe mgonjwa, Linton. Kwa nini ndoa hiyo? Kwa sababu ya ile sheria niliyoitaja. Mali ya kuhamishika ya Cathy inakuwa ya Linton, Linton anaiandikia wasia baba yake, anakufa, mchezo umekwisha. Mwaka 1926 mwanasheria C. P. Sanger alizichambua tarehe na sheria za urithi katika riwaya hii akakuta Emily amezipanga kwa uangalifu wa ajabu. Watu huikumbuka kwa upepo na maporomoko ya hisia, lakini Heathcliff anashinda kwa makaratasi.

Halafu kuna jambo ambalo laiti lingechapishwa kwenye jalada. Heathcliff mwenyewe anamcheka Isabella mbele ya Nelly, kwamba alijiundia kichwani shujaa wa hadithi za mapenzi na kumwita kwa jina lake. Kabla yake Catherine, anayempenda kuliko mtu yeyote, alishamwonya Isabella kwamba asidhani kuna lulu imefichwa chini ya ukali ule. Ni mtu katili kama mbwamwitu. Yaani kitabu kinatoa onyo mara mbili, kwa vinywa vya wahusika wake wakuu, na bado tunamweka kwenye orodha ya wachumba. Ile sinema ya 1939 ilisaidia: iliikata nusu ya pili yote, ile yenye watoto, rehani na ndoa ya kulazimishwa. Charlotte, alipoandika dibaji ya toleo la 1850 baada ya Emily kufariki, alisema hajui kama ni sawa kuumba viumbe kama Heathcliff, na haelekei kudhani ni sawa.

Ukitaka mapenzi yanayoponya katika riwaya hiyo, yako kwa Cathy na Hareton, mtoto wa Hindley aliyenyimwa elimu kwa makusudi. Cathy anamcheka kwa kutojua kusoma, anaomba radhi, anamfundisha. Hareton mwanzoni anamkataa yeye.

Dada wa tatu, Anne, ndiye anayesahauliwa, na ndiye aliyejibu swali la wote. Katika The Tenant of Wildfell Hall ya 1848, Helen anaolewa na Arthur Huntingdon, kijana mchangamfu, mlevi, mwenye macho ya kucheka, akiamini kwamba mapenzi yake yatamrekebisha. Hayamrekebishi. Huntingdon anakunywa, analeta hawara nyumbani, anamfundisha mwanawe mdogo kunywa. Helen anamfungia mlango wa chumba. Anapopanga kutoroka na kuishi kwa kuchora, mume anagundua na kuchoma vifaa vyake vya uchoraji, na sheria iko upande wa mume: hata fedha ambazo angezipata kwa brashi yake zingekuwa za huyo mwanamume. Baadaye Helen anatoroka kweli, na mtoto, kwa jina la bandia. Akina Brontë walikuwa wakimwona kaka yao Branwell akiangamia kwa pombe na kasumba nyumbani mwao. Alikufa Septemba mwaka huo huo. Anne alikuwa ameona karibu mno kuamini kwamba mlevi huponywa na mke.

Baada ya hapo riwaya ya Kiingereza ikaanza kuleta wanaume wa kazi. John Thornton wa North and South, ya Elizabeth Gaskell, mwenye kiwanda cha pamba, anakataliwa na Margaret Hale baada ya ghasia za mgomo, anaapa ataendelea kumpenda bila kumsumbua, na kweli hamsumbui. Mwisho kiwanda kinaanguka, Margaret anarithi, naye ndiye anayejitolea kumkopesha zaidi ya pauni 18,000. Gabriel Oak wa Thomas Hardy, katika Far from the Madding Crowd ya 1874, anakataliwa na Bathsheba Everdene akiwa na kondoo wake. Mbwa mchanga anawaporomosha bondeni, anafilisika, anamzimia Bathsheba huyo huyo moto kwenye miganda, na anaajiriwa kuwa mchunga kondoo wake. Miaka inapita. Anaokoa mavuno yake usiku wa mvua ya radi wakati mumewe amelala chakari, na anamwambia ukweli hata unapomfukuzisha kazi. Haposi tena mpaka Bathsheba mwenyewe anapomfuata kibandani kwake kuuliza kwa nini anataka kuondoka. Ukinilazimisha kuchagua mmoja wa kuaminika kati ya wote, nitamchukua Oak, na najua hakuna atakayetengeneza bango lake.

Hardy lakini hakuishia kwa Oak. Katika Tess of the d'Urbervilles ya 1891 alimleta Angel Clare, mtoto wa kasisi, mpole, msomi, mwenye mawazo mapya kuhusu dini na tabaka, na aliyejifunza kukamua ng'ombe. Tess anamkataa mara kwa mara, naye hamlazimishi. Anasubiri, anauliza tena kwa upole. Kwa kipimo changu angepita kwa alama za juu. Usiku wa harusi anakiri kwamba aliwahi kukaa saa arobaini na nane na mwanamke asiyemjua huko London. Tess anamsamehe papo hapo, kisha naye anasimulia alichofanyiwa na Alec d'Urberville akiwa bado msichana. Angel anasema msamaha hauhusiki hapa, kwa sababu aliyempenda alikuwa mtu mwingine. Anamwachia fedha kidogo, anakwenda Brazili.

Anaporudi amechelewa. Tess yuko na Alec kwa njaa ya familia yake, anamuua, na askari wanamkuta akiwa na Angel kwenye mawe ya Stonehenge. Kabla hawajafika, Tess anamwomba Angel amwoe mdogo wake, Liza-Lu. Angel anamjibu kwamba huyo ni shemeji yake. Sheria ya Uingereza ilikataza mtu kumwoa dada wa marehemu mkewe mpaka 1907. Tess anasema kijijini kwao watu hufanya hivyo kila siku. Angel hajibu neno. Katika ukurasa wa mwisho tunamwona akitembea na Liza-Lu, wameshikana mikono. Liza-Lu mwenyewe hakuulizwa.